Kapteni Tom Moore: wema wa mzee na mali bila daftari

Ukitaja jina la Kapteni Tom Moore mbele ya Waingereza leo, usishangae wa kwanza kujibu akitaja bwawa. Hataji Burma, alikopigana Vita vya Pili vya Dunia, wala zile pauni milioni 32 na zaidi alizowachangishia wauguzi kwa kutembea uani akiwa anakaribia kutimiza miaka 100. Anataja bwawa la maji moto lililojengwa uani kwa binti yake na baadaye kubomolewa kwa amri ya halmashauri. Mzee mwenyewe hakuliona, maana kibali cha jengo lile kilitoka miezi kadhaa baada ya kifo chake.

Mtu ameishi karne nzima. Amepigana vita, amelea, amemuuguza mke, amewakusanya wenzake wa jeshini mwaka baada ya mwaka, halafu kumbukumbu yake inakwama kwenye mgogoro uliozuka akiwa hayupo. Imefikaje hapo? Nina jibu langu, na linatofautiana na yale yanayosemwa sana kwamba umaarufu ulimharibia, au kwamba familia ilikuwa na tamaa tu. Naona shida ilianza mzee akiwa hai. Jina lake moja lilibeba mifuko mitatu ya fedha, na hakuna aliyekaa chini kuandika ni upi wa nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali ilionekana vizuri sana, kilichopotea ni jina.

Miaka 99 ya kwanza

Thomas Moore alizaliwa tarehe 30 Aprili 1920 huko Keighley, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Ujana wake ulikuwa wa pikipiki: alizifungua, akazifunga, akashindana nazo na kuchukua vikombe. Alikuwa anajifunza uhandisi wa ujenzi kazini alipoitwa jeshini mwaka 1940, akaingia Duke of Wellington's Regiment na mwaka uliofuata akapewa cheo cha uafisa. Alipelekwa India. Kwa kuwa pikipiki alizijua, huko akapewa kazi ya kuwafundisha askari kuziendesha. Kisha akaenda Arakan, ukanda wa pwani wa magharibi mwa Burma, ambako alipambana na Wajapani na pia na homa ya dengi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Burma si jina geni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilikuwa ndani ya Jeshi la 14 la Jenerali Slim, jeshi lilelile la Moore. Iliteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya huko mwaka 1944, na Desemba ikaingia Kalewa. Wengi wa mababu hao walirudi na kiinua mgongo kidogo, wakafariki bila hata mistari miwili gazetini. Nalisema hili kwa sababu Mzee Tom naye, hadi wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 100, alikuwa katika kundi hilohilo la wasiojulikana. Jeshi lao lote lilizoea kuitwa Jeshi Lililosahauliwa.

Mwaka 1945 alirudishwa Uingereza kufundisha kwenye chuo cha vifaru cha Bovington, na mwaka uliofuata akaacha jeshi. Magazeti ya baadaye hupita haraka kwenye sehemu inayofuata, mimi naona ndiyo kiini cha maisha yake. Kwa zaidi ya miaka 60 Tom Moore ndiye aliyekuwa akiandaa mkutano wa kila mwaka wa wenzake wa vitani. Aliyewahi kuwa katibu wa chama chochote, hata cha kuzikana, anaijua kazi hii. Unatunza anwani. Unawaandikia watu barua, wengine hawajibu. Unatafuta ukumbi. Kila mwaka kuna jina la kufuta na mjane wa kumpigia simu. Hakuna mshahara, na mwisho wa shughuli wewe ndiye unayebaki kuhesabu viti. Kufanya hivyo mara moja ni ukarimu wa kawaida. Kufanya hivyo hadi orodha inaisha yenyewe ni jambo la mtu anayeamini kwamba waliokula naye shida ni ndugu.

Maisha ya kazi hayakuwa na mbwembwe. Aliuza vifaa vya ujenzi, akapanda hadi kuwa meneja wa kampuni ya zege katika mji wa March, Cambridgeshire, na ilipotaka kuuzwa, yeye na wenzake wakaungana kuinunua wenyewe. Mwaka 1968 alimwoa Pamela, wakajaliwa mabinti wawili. Umaarufu wake wote wa kabla ya 2020 ulikuwa kuonekana mara moja kwenye mchezo wa televisheni mwaka 1983.

Walistaafu wakahamia Hispania. Pamela alipoanza kupoteza kumbukumbu, wakarudi. Ugonjwa ulipozidi na mama akapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, mzee alimtembelea kila siku. Huko ndiko alikowaona wazee wengine wakikaa kutwa bila mgeni, siku nenda siku rudi. Upweke wa uzeeni hakuusoma kwenye ripoti, aliuona kwenye viti vya jirani ya kitanda cha mkewe. Pamela alifariki mwaka 2006. Baadaye mzee alihamia kwa binti yake mdogo katika kijiji cha Marston Moretaine, Bedfordshire, akaishi pamoja na binti, mkwe na wajukuu. Vizazi vitatu chini ya paa moja. Tukumbuke paa hilo, kwa sababu matatizo yote ya baadaye yamepita chini yake.

Mita 25 za uani

Mwaka 2018 alianguka jikoni akipanga vyombo, akavunjika nyonga. Alitibiwa, na tayari alikuwa akihudumiwa pia kwa saratani ya ngozi, kwa hiyo wauguzi wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, aliwajua kwa sura. Machi 2020 korona ikawafungia watu majumbani. Mzee alikuwa akifanya mazoezi uani kwa kutumia kigari cha kutembelea, na kwenye utani wa nyumbani likazaliwa wazo: atembee mizunguko 100 kabla ya siku yake ya kuzaliwa, watu wachangie kidogo kidogo kwa ajili ya wauguzi. Lengo lilikuwa pauni 1,000.

Alianza tarehe 6 Aprili. Njia ilikuwa ya mita 25, mizunguko kumi kwa siku. Jumla ya safari yote haifiki kilomita tatu. Anayetaka kuelewa kwa nini nchi nzima ilisimama kumtazama aangalie picha zenyewe: mzee amevaa koti la heshima na tai, medali zimepangwa kifuani, mikono yote miwili imeshika kigari, na anatembea polepole kama mtu anayehesabu. Hakuwa amevalia mazoezi. Alikuwa amevalia gwaride.

Redio ya eneo lake ilimtangaza, kisha televisheni ya taifa. Tarehe 16 Aprili alipomaliza mzunguko wa mia moja, askari wa Kikosi cha Yorkshire, warithi wa kikosi chake cha zamani, walimpangia safu mbili za heshima wakiwa wameachana kwa umbali uliotakiwa na madaktari. Wakati huo michango ilikuwa imepita pauni milioni 12. Ukurasa ulipofungwa usiku wa siku yake ya kuzaliwa ulikuwa na pauni milioni 32.79 kutoka kwa zaidi ya watu milioni moja na nusu, na nyongeza ya marejesho ya kodi ikaisogeza jumla karibu na pauni milioni 39. Kadi za heri zaidi ya 125,000 zilipangwa sakafuni kwenye ukumbi wa shule ya mjukuu wake huko Bedford. Ndege mbili za vita vile, Spitfire na Hurricane, zilipita juu ya nyumba. Alipewa ukanali wa heshima wa chuo cha vijana wa jeshi cha Harrogate, na Julai 17 Malkia Elizabeth akamvika heshima ya Sir katika uwanja wa kasri la Windsor.

Kulikuwa na sauti tofauti hata wakati ule. Wapo waliouliza kwa nini huduma inayoendeshwa kwa kodi isubiri mzee wa miaka 99 aizungukie uani. Swali lao lilikuwa halali na bado halijajibiwa, ila si swali la kumuuliza yeye.

Alifariki tarehe 2 Februari 2021 katika hospitali ya Bedford, akiwa na nimonia na korona. Kwa masharti ya wakati ule waliomzika walikuwa wanane tu wa familia, pamoja na askari waliobeba jeneza na waliopiga risasi za heshima, na ndege ya Dakota ikipita angani. Mwenyewe alikuwa ameshatania kwamba kwenye kaburi lake waandike: niliwaambia mimi ni mzee.

Mifuko mitatu

Hapa ndipo wengi wanapochanganya, na mitandaoni upotoshaji umekuwa mkubwa.

Mfuko wa kwanza ni zile pauni milioni 39. Zilikwenda kwa NHS Charities Together, muungano unaokusanya mifuko ya hisani ya hospitali zaidi ya 200, nao ukazigawa. Hazikupita mikononi mwa familia. Uchunguzi uliofuata haukuzihusu. Anayesema hadi leo kwamba familia ya Tom ilikula fedha za wauguzi anasema uongo, hata kama hajui.

Mfuko wa pili ni taasisi ya hisani iliyoanzishwa kwa jina lake katikati ya mwaka 2020, wakati nchi bado imelewa furaha. Malengo yake yalikuwa mazuri na yalitoka kwenye maisha yake kweli: upweke, huduma kwa wanaokaribia kufa, afya ya akili. Mwaka wa kwanza ilipokea zaidi kidogo ya pauni milioni moja na ikatoa ruzuku za pauni 160,000 kwa mashirika manne. Gharama za uendeshaji zilifika kiasi hichohicho. Hesabu hizo zilipotoka mapema mwaka 2022, watu wakaanza kunong'ona.

Mfuko wa tatu ni kampuni ya familia, iliyosimamiwa na binti na mumewe, ambayo ndiyo iliyoshika haki za jina la mzee kibiashara. Na humu ndimo ilimoingia fedha ya vitabu.

Kitabu cha maisha yake kilitoka Septemba 2020. Katika utangulizi wake mzee anasema kwamba kukiandika kumempa nafasi ya kuchangisha zaidi kwa ajili ya taasisi iliyoanzishwa kwa jina lake. Msomaji anayenunua kitabu baada ya kusoma maneno hayo anaelewa nini? Malipo ya awali ya mkataba wa vitabu vitatu yalikuwa karibu pauni milioni 1.5, yakalipwa kwa kampuni ya familia, na taasisi haikupata kitu kutoka kwenye malipo hayo. Mwaka 2023 binti yake alikiri kwenye mahojiano ya televisheni kwamba familia ilibaki na pauni 800,000 za vitabu, akasema huo ndio uliokuwa utashi wa baba.

Inawezekana kabisa kwamba ndivyo alivyotaka. Mzee anaishi kwa mwanawe, anauguzwa, analindwa dhidi ya waandishi wa habari waliojaa mlangoni, na anaona ni haki jasho la kalamu yake liwafae wanawe. Katika nchi yoyote hilo halihitaji kuombewa msamaha. Lakini utashi huo ulikaa sebuleni, na kilichochapishwa kwenye utangulizi kikawa kingine. Sentensi moja ingetosha. Kwamba sehemu fulani ya mapato ni ya taasisi na iliyobaki ni ya familia ya mwandishi. Wanunuzi wangenunua vilevile, naamini hivyo, kwa sababu walikuwa wanampenda mzee.

Kisha kuna mambo madogo yanayoumiza zaidi kuliko makubwa. Kampuni moja ya simu iliandaa tuzo zenye jina la taasisi. Binti, ambaye wakati huo alikuwa mtendaji mkuu wa muda wa taasisi, alilipwa pauni 18,000 kwa kushiriki tuzo hizo kupitia kampuni yake binafsi, na taasisi yenyewe ikapata pauni 2,000. Mtu wa kawaida huenda asielewe mikataba ya haki za jina, lakini 18 na 2 anazielewa.

Na jengo. Mwaka 2021 familia iliomba kibali cha kujenga uani jengo lililoitwa kwa jina la taasisi, litakalotumiwa na familia na pia kwa shughuli za hisani. Kibali kikatolewa. Kilichojengwa kikawa kikubwa zaidi na chenye bwawa la maji moto ndani. Maombi ya kuhalalisha mabadiliko yakakataliwa na Halmashauri ya Central Bedfordshire, rufaa ikashindwa Novemba 2023, na mapema 2024 jengo likavunjwa. Uani huohuo ndiko alikotembea mzee. Wahariri wa magazeti hawakuhitaji kutafuta kichwa cha habari.

Tume inayosimamia mashirika ya hisani Uingereza na Wales ilianza kuiangalia taasisi hii Machi 2021, wiki chache baada ya mazishi, na Juni 2022 ikafungua uchunguzi rasmi. Katikati ya 2024 binti alipigwa marufuku kuwa mdhamini wa shirika lolote la hisani kwa miaka 10, mumewe kwa miaka 8. Ripoti ilitoka Novemba 2024. Ilisema mipaka kati ya maslahi binafsi na ya taasisi ilivukwa mara kwa mara, kwamba umma ulipotoshwa kuhusu fedha za kitabu, na kwamba jina la taasisi lilitumika kwenye maombi ya jengo bila ridhaa ya wadhamini wengine. Familia ilikataa, ikasema imeonewa na kwamba haikuwahi kuchukua hata senti ya michango ya umma. Kwa ule mfuko wa kwanza, wana haki ya kusema hivyo kwa sauti kubwa.

Kosa lilianzia wapi

Wachambuzi wengi wanaanzia kwenye bwawa na kurudi nyuma, wakitafuta tamaa. Naanzia Aprili 2020, kwenye zile wiki tatu. Familia ambayo haijawahi kuendesha hisani yoyote kubwa inaamka na kukuta dunia mlangoni. Makampuni yanapiga simu: tunaomba picha yake kwenye bidhaa, tunaomba jina lake kwenye zawadi, tunaomba kitabu. Ni lazima mtu ajibu, na anayejibu ni binti, kwa sababu ndiye aliye nyumbani. Kampuni inafunguliwa ili kupokea mikataba. Taasisi inafunguliwa ili kupokea wema wa watu. Zote mbili zinaendeshwa kutoka meza moja, na watu walewale, kwa jina lilelile. Katika hali hiyo hata mtu mwaminifu asingeweza kujua kila mara ni kofia ipi amevaa.

Wadhamini wasio wanafamilia walikuwepo. Lakini haki za jina hazikuwa mikononi mwao, zilikuwa kwenye kampuni. Taasisi ya hisani isiyomiliki jina lake ni mpangaji, na mwenye nyumba akikosana na jirani, anayefukuziwa wateja ni mpangaji. Kama kungekuwa na jambo moja tu la kubadilisha katika kisa chote, ningebadilisha hilo: jina lisajiliwe chini ya taasisi siku ileile taasisi inapoandikishwa, na kampuni ya familia ndiyo iombe ruhusa kwa maandishi kila inapotaka kulitumia, wadhamini wa nje wakiamua bila wanafamilia chumbani. Kitabu kingetoka. Familia ingepata sehemu yake. Tofauti ingekuwa kwamba kuna karatasi.

La pili, ambalo nasita kulisema kwa sababu linagusa msiba wa watu, ni kama taasisi ilihitajika kabisa. Mzee alikuwa ameshamaliza. Lengo lilikuwa pauni 1,000 kwa wauguzi, likapatikana mara elfu thelathini na zaidi, likafika lilikokusudiwa. Shughuli iliyotimia namna hiyo ina haki ya kufungwa. Taasisi ya kudumu inahitaji ofisi, mtendaji, mkaguzi, na mwaka wa pili inahitaji tena sababu ya kuombea, wakati mtu aliyekuwa sababu hayupo. Mashirika ya kupambana na upweke wa wazee yalikuwepo Uingereza kabla yake na yana watu wenye uzoefu. Kuwapa wao fedha, kwa mfuko wenye jina la Tom na tarehe ya kufungwa, kungegharimu kidogo na kungesaidia wengi.

Tazama kumbukumbu zake ambazo hazijachafuka. Posta ya Uingereza ilipiga muhuri wa siku yake ya kuzaliwa kwenye barua za wiki ile. Treni moja ya Great Western ilibandikwa jina lake. Na mwishoni mwa wiki ya siku ambayo angetimiza miaka 101, familia hiyohiyo ilialika watu wafanye jambo lolote lenye namba 100, wapande ngazi 100 au wapike keki 100, na wachangie taasisi au shirika lolote wanalolipenda wao. Hilo la mwisho nalisifu bila kusita. Kila mchangiaji alikuwa na uhuru wa kupeleka fedha yake anakokujua, na hakukuwa na sababu ya kila senti kupita kwenye meza ya mtu mmoja. Wazo zuri lilitoka kwa watu walewale wanaolaumiwa, ndiyo maana sipendi kisa hiki kisimuliwe kama hadithi ya wabaya na mwema.

Na mzee mwenyewe? Tume haikumtia hatiani kwa lolote. Lakini alikuwa hai mkataba wa vitabu ulipofanyika, na utangulizi unazungumza kwa sauti yake. Mtu wa miaka 100 ana haki ya kuwaamini wanawe. Ana haki pia ya kuwa na mwanasheria wake mwenyewe, asiye wa kampuni wala wa taasisi, wa kumketisha na kumuuliza polepole: Kapteni, hii unataka iende wapi? Jibu likaandikwa, likasainiwa, likasomwa mbele ya mabinti wote wawili. Afisa wa jeshi aliyezoea amri za maandishi asingeona ajabu.

Tangu katikati ya 2023 taasisi ilisema haipokei tena michango. Waliopoteza ni wale wazee wa kwenye viti, ambao jina la Tom lingeweza kuwafungulia milango kwa miaka mingi.

Kama ningepewa kazi ya kuandika wasifu wake leo, nisingeanza na uani. Ningeanza na ile miaka 60 ya kuwaita wenzake wa Burma mezani, kwa sababu hapo hakukuwa na kamera. Ningefuatisha na safari za kila siku kwa Pamela. Matembezi yangekuja ya tatu, yakiwa matokeo ya mtu aliyekwisha zoea kuamka na kwenda. Uchunguzi ningeutaja, kwa sentensi moja yenye tarehe, ili msomaji aone mwenyewe kwamba ulifunguliwa miezi 16 baada ya yeye kufa. Kuuficha ni kuwaachia wengine wausimulie vibaya. Na chini kabisa, pale familia zinapoandika kwamba badala ya maua tuma mchango, ningeweka jina la shirika ambalo tayari lipo, lenye hesabu zilizokaguliwa, na ambalo hakuna jamaa wa marehemu aliyeajiriwa humo.